Shakwe mmoja, Kasenyi tatu

Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: "Heuglini, Kasenyi, leo. Mpya kwa orodha yetu!" Chini yake picha mbili. Uliingia kwenye kundi letu la WhatsApp la watazama-ndege Jumamosi jioni, katikati ya Januari, wiki ambayo wengi walikuwa ndio kwanza wametoka kuhesabu ndege wa maji na kila mtu ana hamu ya kujua mwenzake kaona nini. Kufikia Jumatano ujumbe huo ulikuwa umezaa taarifa nne. Mimi ndiye ninayekusanya orodha ya mwezi, na kwenye ramani yangu shakwe wa Heuglin alikuwa ametokea karibu na Entebbe, akatokea Lutembe, akatokea Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, kisha akatokea ufukweni mwa Ziwa Albert upande wa Kongo. Kwa ndege ambaye huku Afrika Mashariki mahali pake pa kawaida ni pwani ya bahari, hiyo ni ziara ya kutilia shaka.

Watu wote walikimbilia swali moja: alikuwa Heuglini kweli? Nitalifikia. Lakini kadiri nilivyozidi kulichimba jambo hili ndivyo nilivyoona kwamba swali hilo lilikuwa limeruka foleni. Lililotangulia lilikuwa nani aliyemwona, akiwa wapi, siku gani, na alisema nini kabla mtu mwingine hajampa jina.

Kundi letu linaongea Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha inayotukutanisha. Yumo afande wa polisi mzaliwa wa Arua, yumo mwalimu Mnubi wa Bombo, yumo mfanyabiashara wa samaki mwenye asili ya Bunia, wamo waongozaji watalii wa Entebbe na Kasese, na yumo dada wa Mombasa anayefanya kazi Kampala. Wengi wanajua ndege vizuri sana. Afande anaweza kukutajia kitwitwi kwa mlio tu, huku mgongo ameupa ziwa. Kwa hiyo kilichoharibika hapa hakikuharibika kwa kukosa ujuzi.

Sisi watu wa ndege tunaposema msimu wa baridi tunazungumzia baridi ya wenzetu. Januari ya Kampala ni vumbi na jua. Baridi iko Ufini na Siberia, na ndiyo inayotusukumia wageni. Kuanzia Oktoba hivi mpaka Aprili tunao mbayuwayu wa Ulaya kwenye nyaya za umeme, kerem wa Ulaya juu ya miti, vitwitwi wa kila namna kwenye tope, na buabua mabawa-meupe, ambao Lutembe peke yake imewahi kukadiriwa kuwa na zaidi ya milioni moja. Lutembe ni ghuba ndogo ya mafunjo kati ya Kampala na Entebbe, iliyoingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2006, mwaka uleule na Mabamba. Januari ndio mwezi wa sensa ya kimataifa ya ndege wa maji, iliyoanza mwaka 1967 huko Ulaya na ambayo kwa Uganda huratibiwa na shirika la uhifadhi la NatureUganda. Mwezi huo ulichaguliwa kwa sababu: katikati ya msimu ndege wametulia, hawako safarini, na ni vigumu kumhesabu mmoja mara mbili. Vigumu ziwani, maana yangu. Kwenye simu ni rahisi mno.

Sasa huyo shakwe. Wale tunaowaona kila siku kwenye myalo, yaani maegesho ya boti, ya Ziwa Victoria ni shakwe kichwa-kijivu, wenyeji kabisa, ambao kituo chao kikubwa cha kuzalia ni visiwa vya Musambwa. Katikati yao msimu wa wageni huja shakwe mgongo-mweusi, Larus fuscus, ambaye ana nususpishi kadhaa, yaani migawanyo ndani ya spishi moja. Mbili ndizo zinazotuhusu. Ya kwanza ni fuscus yenyewe, wanayoiita shakwe wa Baltiki: huzaliana kuzunguka Bahari ya Baltiki na sehemu za kaskazini mwa Skandinavia, na Ufini ni mojawapo ya makao yake makuu. Wafini wamewafunga baadhi yao vifaa vya setilaiti na kuwafuata wakivuka Ulaya ya mashariki, wakapitia pande za mashariki za Mediterania, wakaufuata Nile mpaka huku, na wengi wakaishia Ziwa Victoria. Kutoka Helsinki mpaka Entebbe kwa mstari ulionyooka ni zaidi ya kilomita 6,500.

Ya pili ni heuglini, inayozaliana kwenye tundra ya kaskazini mwa Urusi. Jina limetokana na Theodor von Heuglin, Mjerumani aliyezunguka Sudan na Ethiopia katika karne ya 19. Hawa hushuka zaidi kwenye mwambao wa Uarabuni na wa Bahari ya Hindi. Kenya utawakuta pwani, kwa mfano kwenye mlango wa mto Sabaki karibu na Malindi. Baadhi ya orodha za ndege humpa Heuglini hadhi ya spishi kamili, nyingine humwacha chini ya Larus fuscus. Hapo ndipo utamu ulipo, tusidanganyane. Mtu anayehesabu spishi alizoziona maishani, kwenye orodha ya namna ile Heuglini ni alama moja zaidi, na alama moja zaidi inaweza kumtoa mtu kitandani saa kumi alfajiri.

Nilianza kurudi nyuma, ujumbe kwa ujumbe. Aliyeweka picha kundini ni afande, kwa hiyo nikampigia yeye kwanza.

"Afande, picha zile ulipiga mwenyewe?"

"Hapana. Ni za kijana mmoja wa boti pale mwaloni. Anajua mimi ni mtu wa ndege, akanitumia."

"Na jina la Heuglini alilitoa wapi?"

"Yeye hakutoa jina. Jina niliweka mimi. Nilimwonyesha dada wa Mombasa kwanza, akasema ni kama wale wa Sabaki."

Dada wa Mombasa naye alipoulizwa hakukataa, ila alirekebisha: "Nilisema anafanana nao. Sikusema ndiye. Afande nilimwambia kabisa, picha hii jua limeila."

Basi hapo pana watu watatu, na kila mmoja alisema jambo tofauti. Kijana aliona ndege asiyemjua. Dada aliona picha inayofanana na kitu anachokijua. Afande aliandika jina bila alama ya kuuliza, kisha akaongeza "mpya kwa orodha yetu". Waliosoma baada yake hawakuona kijana wala dada. Waliona jina, na jina lilikuwa limeandikwa na mtu wanayemheshimu. Hakuna aliyedanganya.

Cha thamani kuliko vyote kilikuwa bado kimelala kwenye simu ya afande: sauti ya kijana mwenyewe, aliyoirekodi na kumtumia pamoja na picha. Naiweka hapa kama alivyosema. "Afande, kuna ndege huku kwa boti, si hawa wetu wa kila siku. Ni mkubwa kushinda hawa, mgongo mweusi tii kama sufuria ya kuni. Miguu manjano. Mguu moja kuna kitu kama pete, ina maandishi. Nimempiga na ile darubini ya mzungu."

Hakuna aliyeisikiliza mpaka mwisho. Afande alifungua picha, akaona shakwe, akaendelea na shughuli zake. Lakini sauti hiyo ina ukubwa, ina rangi ya mgongo, ina rangi ya miguu, ina pete, ina namna picha ilivyopigwa, na yote hayo yamesemwa na mtu asiye na orodha ya kuongeza wala jina la kutetea. Kwa maoni yangu ndiyo kumbukumbu bora iliyopatikana katika kisa chote, na nusura ipotee kwa sababu haikuwa na jina la Kilatini ndani yake.

Tuje kwenye mahali. Uganda ina Kasenyi nyingi, na kwa kisa hiki zinatosha tatu, mbili zetu na moja ya jirani. Kasenyi ya kijana ni mwalo wa rasi ya Entebbe, wanakopandia boti watu wa Koome na Ssese, penye samaki, taka za samaki, na kwa hiyo penye shakwe. Kasenyi ya waongozaji wa Kasese ni ile ya Queen Elizabeth: tambarare za swala na simba, na kijiji cha wavuvi kilicho ufukweni mwa Ziwa George. Kasenyi ya mfanyabiashara wa Bunia ni bandari ya wavuvi ya Ituri, upande wa Kongo wa Ziwa Albert. Kila mmoja alisoma neno lilelile akaona mahali anapopajua, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuliza. Mfanyabiashara akawaandikia jamaa zake wa nyumbani: "Kasenyi kwetu wamempata ndege wa Urusi, nendeni mkaangalie." Wakaenda. Mmoja wao akajibu kwamba shakwe wapo, na jibu hilo likarudi kundini kwetu kama taarifa mpya kabisa, eti kutoka Ziwa Albert. Mwongozaji wa Kasese aliandika maneno mawili tu: "Kweli, yupo." Huyo nitamrudia.

Lutembe iliingia kwa mlango mwingine. Mmoja wa waliohesabu huko alikumbuka kwamba katikati ya buabua kulikuwa na shakwe wachache wenye migongo myeusi, jambo la kawaida huko msimu huu. Aliposoma ujumbe wa afande akaandika, "Kumbe ndiye yule tuliyemwona!" Hakuwa amempa jina siku ile ziwani, na fomu yake ya sensa iliandika vizuri tu: Larus fuscus, bila zaidi. Jina la Heuglini lilimfika baadaye, kwa simu, likarudi nyuma mpaka siku ya kuhesabu.

Siku nayo ilikuwa na kasoro yake. Kijana alipiga picha Alhamisi asubuhi. Afande aliziona Alhamisi usiku, akazionyesha kwa dada Ijumaa, akaziweka kundini Jumamosi na neno "leo". Huko Bunia neno hilo lilifika Jumatatu likiwa bado ni "leo". Mtu akizichukua tarehe hizo jinsi zilivyofika, anapata ndege aliyekuwa Entebbe Jumamosi na Ziwa Albert Jumatatu, na shakwe ana uwezo wa kusafiri hivyo, kwa hiyo hata akili timamu isingeikataa habari hiyo moja kwa moja. Hilo ndilo la hatari. Uzushi usiowezekana hugunduliwa mapema, huu uliwezekana.

Sasa picha, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo tulipopoteza kitu kisichorudi.

WhatsApp ikipeleka picha kama picha, huikandamiza ili isile MB nyingi, na hufuta maelezo yaliyofichwa ndani ya faili: saa ya kupigwa, tarehe, na kama simu iliruhusiwa, mahali. Picha ya mtoto wa dada yako haihitaji hayo. Picha ya pete kwenye mguu wa ndege inayahitaji yote. Kijana alikuwa ameweka kamera ya simu kwenye jicho la darubini ya miguu mitatu ya mtalii aliyekuwa akisubiri boti, na ukizingatia mazingira alipata kitu kizuri: shakwe amesimama ubavuni mwa boti katikati ya shakwe kichwa-kijivu, miguu yote miwili inaonekana. Kwenye faili ya awali inawezekana maandishi ya pete yalisomeka. Kwetu yalifika kama doa jeusi lenye vumbi jeupe ndani yake. Tulipomtafuta kijana atupe faili yenyewe, alijibu bila wasiwasi: "Simu ilijaa, nikafuta. Si nilishawatumia?" Na kwa haki kabisa, alikuwa ameshatutumia. Mtalii naye alikuwa ameondoka na darubini yake, na hakuna aliyejua hata alitoka nchi gani.

Ni hasara kubwa kuliko inavyosikika. Pete ya rangi yenye herufi inayosomeka kwa mbali hukupa ndege mmoja, si aina ya ndege. Unapeleka herufi zake kwa waliomfunga, na kwa ndege wa Ufini hao ni ofisi ya pete ya jumba la makumbusho la Helsinki; wanakujibu alifungwa akiwa kifaranga au mkubwa, mwaka gani, kisiwa gani, na nani mwingine amewahi kumwona njiani. Swali la fuscus au heuglini lingekwisha kwa barua pepe moja. Njia ya kuepuka hasara hiyo haina gharama: tuma picha kama faili, kile kitufe cha hati, na usifute chochote mpaka mtu amekujibu. Kundini hakuna aliyekuwa amewahi kumweleza kijana hilo, na wengine wetu tulikuwa tunatumiana picha za ndege kama zile za harusi.

Basi tukabaki na picha mbili dhaifu na sauti moja nzuri. Je, alikuwa nani?

Rangi ya mgongo ndiyo iliyowagawa watu. Fuscus aliyekomaa ana mgongo mweusi hasa, karibu sawa na ncha za mabawa. Heuglini ana mgongo wa kijivu kilichoiva, na ukimtazama vizuri unaona ncha za mabawa ni nyeusi zaidi ya mgongo. Kwenye picha ya kwanza mgongo ni wa kijivu. Dada wa Mombasa alishikilia hapo, na si hoja dhaifu, kwa sababu yeye amewatazama Heuglini kwa miaka mingi kuliko sisi wote tukijumlishwa. Lakini tazama walio jirani kwenye picha hiyohiyo. Shakwe kichwa-kijivu wana migongo ya kijivu hafifu, na hapo wametoka karibu weupe. Ubavu wa boti uliopakwa rangi ya buluu umetoka wa maziwa. Jua limekula picha nzima, kama dada mwenyewe alivyosema. Ukiwarudisha majirani kwenye rangi yao, mgongo wa mgeni nao unarudi kuwa mweusi. Na kuna mtu aliyemwona kwa macho, bila kioo cha simu katikati, akasema sufuria ya kuni. Napima jicho la kijana kuwa zito kuliko kamera yake.

Umbo linaelekea upande uleule. Fuscus ni mwembamba, mwenye mabawa marefu yanayopita mkia kwa kiasi kikubwa anaposimama, hivi kwamba sehemu ya nyuma inaonekana kuchongoka. Heuglini ni mkubwa zaidi, kifua kizito, mdomo mnene. Ndege wetu anawazidi kichwa-kijivu, lakini hawatishi. Kichwa chake ni cheupe safi, wakati Heuglini wa msimu huu mara nyingi bado ana mistari shingoni kwa nyuma. Neno "mara nyingi" lisomwe kwa makini, maana kufikia Januari mistari hiyo huwa inapungua.

Mwalimu wa Bombo alileta hoja ya manyoya. Kwenye picha ya pili, ile ya ndege akiruka, bawa lina pengo: manyoya makubwa ya kurukia yanabadilishwa. Mwalimu akasema hilo linamaliza kesi, maana fuscus hubadilisha manyoya hayo akiwa Afrika. Ni kweli hubadilisha huku, na pengo hilo linasaidia sana kuwatoa ndugu zao wa Ulaya magharibi, ambao huanza na kumaliza mapema zaidi. Ila Heuglini naye huchelewa, na Januari anaweza kuwa na pengo vilevile. Kwa hiyo hoja hiyo ni nzuri kwa swali ambalo hatukuulizwa. Mwalimu hakufurahi. Ilichukua siku mbili za ukimya na kikombe cha chai kabla hajarudi kundini na picha ya mwewe.

Kuhusu mwewe, kwa kifupi: kisa hikihiki hutupata kila Desemba na mwewe weusi wa Ulaya dhidi ya mwewe mdomo-njano wa kwetu, ambaye akiwa mtoto mdomo wake si wa njano. Kila mwaka kuna mtu anaona mdomo mweusi juu ya jiji na kutangaza mgeni. Lakini hiyo ni kesi nyingine.

Hukumu yangu kuhusu shakwe ni kwamba ushahidi wote, ukiwekwa pamoja, unamwelekea fuscus wa Baltiki, na kwamba hautoshi kumwandika hivyo. Sentensi hiyo iliwaudhi wengi. Afande aliuliza, na swali lake ni la haki: "Sasa kama unaamini ni wa Baltiki, kwa nini usiandike?" Kwa sababu atakayesoma orodha baada ya miaka kumi hataniona mimi nikisita. Ataona neno moja. Hata eBird, ile kumbukumbu ya ndege ya mtandaoni, imeacha nafasi kwa hali kama hii: unaweza kuandika spishi tu, au spishi pamoja na nususpishi, na mtu anayeishia kwenye spishi hajashindwa kazi.

Na nususpishi hapa ina uzito nje ya ushindani wetu wa alama. Ndege wa maji huhesabiwa kwa makundi ya kimaeneo, si kwa spishi pekee. Mkataba wa Ramsar una kigezo kinachosema kwamba ardhioevu ina umuhimu wa kimataifa ikiwa mara kwa mara inahifadhi asilimia 1 ya kundi moja la namna hiyo. Shakwe wa Baltiki ni kundi lake peke yake, na si kundi linalostawi: Ufini wamepungua sana tangu miongo ya mwisho ya karne ya 20, na miongoni mwa sababu zilizochunguzwa huko ni mabaki ya dawa ya wadudu ya DDT kwenye vifaranga. Ukimwandika Heuglini mahali pa fuscus, unaliondolea kundi linalopungua ndege mmoja wa ziwa hili na kulipatia kundi jingine ndege wa ziwa ambalo si lake. Ndege mmoja si kitu. Lakini sensa nzima imejengwa kwa ndege mmoja mmoja.

Niliandika hivi: Kasenyi, mwalo wa rasi ya Entebbe, Ziwa Victoria, Alhamisi asubuhi, Larus fuscus, aliyekomaa, mmoja, pete ya rangi mguuni, haikusomeka, aliyeona ni mfanyakazi wa boti, sauti yake imehifadhiwa, picha mbili zilizokandamizwa, yaelekea wa Baltiki, haikuthibitishwa. Taarifa ya Lutembe ilirudi kwenye fomu yake ya awali, jina la Heuglini likaondolewa. Ya Ziwa Albert ilifutwa, kwa kuwa jamaa wa Bunia walikuwa wameona shakwe bila kusema wa aina gani, na walikwenda kwa sababu tu waliambiwa. Dada wa Mombasa hajakubaliana na sehemu ya "yaelekea", na maoni yake yapo pembeni ya kumbukumbu kwa maneno yake mwenyewe.

Kundini tulikubaliana mambo machache. Mahali paandikwe pamoja na jina la ziwa au wilaya. Tarehe iandikwe kwa namba. Anayepeleka habari ya mwenzake aseme ni ya mwenzake. Picha zije kama faili. Kijana wa boti aliingizwa kundini na sasa anatuma sauti karibu kila wiki, bila jina la ndege hata moja, na nimemwomba asijifunze majina haraka. Alicheka, akadhani natania.

Ikabaki Queen Elizabeth. Baada ya kufahamika kwamba ujumbe mmoja umezaa ndege wanne, wengi walitaka taarifa ya mwongozaji wa Kasese ifutwe pamoja na nyingine. Ilionekana wazi kuwa naye alisoma Kasenyi yake na kuitikia kwa mazoea. "Kweli, yupo" si ushahidi wa chochote. Hata hivyo hakuna aliyekuwa amemuuliza, na yeye si mwenye kuandika sana. Huwa porini na wageni wake, mtandao unakuja na kuondoka. Nikampigia jioni moja alipokuwa amerudi mjini.

"Kaka, ile 'kweli, yupo' ulikuwa unamwitikia afande?"

"Afande? Hapana. Niliona Ijumaa pale kijijini, wageni walikuwa wananunua maji. Amesimama kwenye mtumbwi. Nikadhani mnamzungumzia wangu."

"Una picha?"

Alikuwa nayo, tena kwa kamera ya kazini, faili nzima, ina saa na tarehe. Shakwe mgongo-mweusi aliyekomaa, mabawa yamekunjwa, miguu ya manjano, yote miwili wazi mpaka vidoleni, na hakuna pete. Ndege mwingine kabisa, kwenye ziwa jingine, siku moja baada ya yule wa kijana. Ilikuwa taarifa safi kuliko zote, na ilikuwa hatua moja tu kutoka kufutwa kwa kosa la kufanana na uvumi.

"Sasa huyu wangu naye ni Heuglini?" akauliza.

"Huyu wako ni shakwe mgongo-mweusi, Kasenyi ya Ziwa George, Ijumaa, mmoja."

"Haya, andika hivyo. Na uandike ni Kasenyi ya simba, wasije wakanipeleka Kongo."